Kuflashi romu nyingine kwenye simu: anza na kufuli, siyo na kebo

Wengi huanza kwa kupakua romu. Wananunua bando, wanashusha faili usiku kucha, wanachomeka kebo, ndipo wanagundua kuwa simu haifunguki. Kuflashi kwenyewe, yaani kuiweka romu kwenye simu kwa kompyuta, ni kazi ya chini ya saa moja. Anayeamua kama utafika huko ni mtengenezaji, na uamuzi wake ulishawekwa ndani ya simu kabla hujaiona kwenye kabati la kioo pale Mtaa wa Aggrey.

Romu tunayoizungumzia ni Android nyingine inayokaa mahali pa ile ya kiwandani. Inayotumika kwenye modeli nyingi zaidi ni LineageOS, iliyozaliwa Desemba 2016 baada ya CyanogenMod kufa. GrapheneOS nayo ni ya Google Pixel tu. Sababu ya msingi ya kuhangaika ni moja: kiwanda kimeacha kutuma masasisho, lakini simu bado nzima, chaji inakaa na kioo hakina ufa.

Kufuli ni butiloda, programu ndogo inayoamka kabla ya Android. Ikiwa imefungwa, inawasha mfumo uliotiwa saini na ufunguo wa kiwanda peke yake. Ukiifungua, simu inafuta kila kitu, na inafanya hivyo makusudi: bila hivyo, aliyekupora simu Mbagala angeweka mfumo wake na kusoma picha zako zote.

Nani anafungua, nani kagoma

Google Pixel ndiyo rahisi kuliko zote, isipokuwa zile zilizouzwa na Verizon, kampuni ya mtandao wa simu ya Marekani. Hizo hazifunguki rasmi, na sokoni zipo. Motorola hutoa namba ya kufungulia kwenye tovuti yake kwa modeli nyingi. Huawei iliacha kutoa namba hizo mwaka 2018 na haijarudi nyuma. Vivo haina njia rasmi. Oppo na Realme huruhusu modeli chache tu kupitia programu yao maalumu.

Samsung inahitaji macho makali. Angalia herufi ya mwisho ya namba ya modeli: zinazoishia na U au U1 ni za Marekani, na zile zenye chipu ya Snapdragon zimefungwa moja kwa moja. Za F na B kwa kawaida zilifunguka, lakini kuanzia One UI 8, toleo la mfumo wa Samsung la mwaka 2025, kampuni imeondoa kabisa uwezo wa kufungua. Maana yake, Samsung inayofunguka leo inaweza kukosa kufunguka kesho kwa sababu tu ulibonyeza "sasisha". Kama una nia ya kubadili romu, usisasishe kabla ya kuuliza.

Xiaomi, pamoja na Redmi na POCO, wanafungua, ila wanakusubirisha. Tutarudi kwao.

Tecno, Infinix na itel, ambazo ndizo zimejaa mifukoni mwa watu hapa Dar, mara nyingi hufunguka bila kuomba ruhusa ya mtu. Shida yake iko kwingine. Romu ya modeli fulani hujengwa kutokana na msimbo wa kerneli yake, yaani kiini cha mfumo kinachoongea na vifaa vya simu, na leseni ya kerneli ya Linux inamtaka mtengenezaji autoe. Usipotoka, hakuna wa kukujengea. Kwa simu hizo inabaki njia ya GSI, mfumo mmoja wa jumla kwa simu nyingi, nayo ina sehemu yake chini.

Kwenye kaunta, kabla hujatoa pesa

Omba kuishika simu mwenyewe: "Kaka, niwashie, niangalie settingi kidogo." Muuzaji mwenye simu safi hakatai. Una kazi tatu za dakika tano.

Kwanza bonyeza *#06#. Itatokea IMEI, namba ya utambulisho wa simu; simu ya laini mbili itatoa mbili. Tuma moja kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ya TCRA, na jina la simu litakalorudi lilingane na simu uliyoshika. Tangu Juni 2016 simu zenye IMEI bandia huzimwa mtandaoni, na hakuna romu inayoweza kufufua simu ya namna hiyo.

Pili, nenda Mipangilio, kisha Kuhusu simu, gusa "Nambari ya muundo" mara 7. Kwenye Xiaomi unagusa toleo la MIUI au HyperOS, mifumo yake yenyewe. Rudi nyuma, ingia "Chaguo za wasanidi programu", tafuta "Ufunguaji wa OEM". Kama simu iko kwa Kiingereza, ni OEM unlocking. Iunganishe na hotspoti ya simu yako kwanza, kwa sababu Pixel huuliza mtandaoni kabla ya kuruhusu. Swichi ikiwa ya kijivu na haiguswi hata baada ya intaneti, rudisha simu kwenye kabati. Muuzaji atakwambia "itafunguka ukifika nyumbani". Haifunguki.

Tatu, uliza kama ni simu ya mkopo iliyorudishwa. Simu za kulipa kidogo kidogo kila siku huwa na programu ya mkopeshaji inayoifunga malipo yakichelewa. Deni lisipoisha, simu hiyo bado ni mali yake, usiiguse.

Ukishaipata, tafuta jina lake la ndani, siyo jina la kwenye boksi. Redmi Note 10 ni mojito, Note 10 Pro ni sweet, Note 10S ni rosemary. Jina la dukani karibu ni moja, lakini ndani ni simu tofauti, na faili la sweet halina kazi kwenye mojito. Simu ikiwa kwenye fastboot, hali ya butiloda ya kupokea amri za kompyuta (jinsi ya kuingia iko chini, kwenye "Kufungua"), amri hii inakupa jina lenyewe:

fastboot getvar product

Pesa na picha, kabla ya kufungua

Nakili picha kwenye kompyuta, siyo kwenye simu hiyohiyo. WhatsApp ihifadhiwe Google Drive, na laini yenye namba yako iwe hewani ili upokee msimbo. Programu za namba za siri za hatua mbili zihamishie kwenye simu nyingine. Hizi ndizo watu husahau, kisha wanafungiwa nje ya barua pepe zao.

Suala la benki ulielewe vizuri. Google ina ukaguzi uitwao Play Integrity, uliochukua nafasi ya SafetyNet. Programu ya benki ikiuuliza, nao ukajibu kwamba butiloda iko wazi, programu inaweza kugoma kufunguka. Zipo mbinu za kuuzunguka, lakini ni mchezo wa paka na panya. Inayofanya kazi leo inaweza kufa Jumatatu. Kwetu kuna afueni ambayo wenzetu wa nchi nyingi hawana: menyu za *150#. M-Pesa kwa *150*00#, Airtel Money kwa *150*60#, SimBanking ya CRDB kwa *150*03#, NMB kwa *150*66#. Hizi zinapita kwenye laini na hazijali romu. Kama unaweza kuishi na menyu hizo, endelea. Kama kazi yako inategemea programu fulani ya benki, fungua butiloda ya simu ya pili, siyo ya hii.

Netflix pia: butiloda ikifunguliwa, simu nyingi hushuka kutoka L1 kwenda L3, ngazi za Widevine, ulinzi wa video wa Google, na picha haizidi 480p. Kwenye Samsung kuna fyuzi ya Knox, mfumo wake wa usalama, inayokatika moja kwa moja, inasomeka 0x1, na Secure Folder, folda ya siri ya Samsung, haifanyi kazi tena hata ukirudisha mfumo wa kiwandani. Dhamana ya dukani nayo, kama bado ipo, usiihesabu.

Kufungua

Pakua platform-tools za Google, faili dogo lenye adb na fastboot, programu za kompyuta za kutuma amri kwenye simu. Chaji simu ifike angalau asilimia 60, na laptopu ijae kabisa. Umeme wa Dar unajulikana. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS usiitumie kwa kazi hii. Washa "Utatuzi wa USB" na "Ufunguaji wa OEM", chomeka kebo, kisha kwenye dirisha la amri la kompyuta andika:

adb devices
adb reboot bootloader
fastboot flashing unlock

Kwenye Pixel, na nyingi za Tecno na Infinix, simu itauliza. Chagua kwa vitufe vya sauti, na hapo ndipo inajifuta. Usibonyeze kwa pupa, soma kioo, kwa kuwa kitufe cha kukubali si kimoja kwa simu zote.

Samsung haina fastboot. Izime, shikilia vitufe viwili vya sauti kwa pamoja, chomeka kebo, kisha kwenye onyo shikilia kuongeza sauti mpaka ukurasa wa kufungua utokee. Ikishajifuta, iwashe, iunganishe intaneti, urudi kuhakikisha "Ufunguaji wa OEM" bado inaonekana imewashwa. Ukiruka hatua hii, simu inaweza kukataa faili lolote lisilo la Samsung.

Xiaomi sasa. Weka laini, zima Wi-Fi, washa data ya simu, ingia akaunti ya Mi, halafu kwenye "Mi Unlock status" bonyeza kuongeza akaunti na simu. Kwa Wi-Fi haikubali, na ndipo wengi wanakwama. Kisha fungua programu ya Mi Unlock kwenye Windows. Itakuandikia saa za kusubiri, mara nyingi 168, yaani siku 7. Usitoke kwenye akaunti, na usibonyeze tena kile kitufe cha kuongeza "kwa uhakika", maana saa zinaanza kuhesabiwa upya. Simu za HyperOS zina mlango mwingine kabla ya huo: unaomba ruhusa kwenye programu ya Xiaomi Community, ukiwa na akaunti iliyozidi siku 30. Nafasi za kila siku zina kikomo na hufunguliwa saa 6 usiku ya Beijing. Kwa saa zetu hiyo ni saa 1 kamili usiku. Uwe umeshafungua ukurasa saa 12 na dakika 58, kidole juu ya kitufe. Ukiambiwa nafasi zimeisha, ni hadi kesho saa hiyohiyo.

Anayekuuzia "kufungua papo hapo" kwa simu ya aina hii, mara nyingi anatumia mwanya wa chipu au akaunti ya mtu mwingine. Muulize ni kipi kati ya hivyo kabla hujamwachia simu.

Kuweka romu

Kwanza soma ukurasa wa modeli yako uone romu inataka simu iwe juu ya toleo gani la Android la kiwandani. Romu nyingi hazibebi programu za modemu na za kamera, zinategemea zilizomo. Toleo lisipolingana, mtandao unapotea au kioo hakiwaki.

Faili la romu huwa na zaidi ya GB 1. Bando likikatika katikati, faili linaonekana kamili lakini bovu, kwa hiyo lipime kabla ya kulitumia. Kwenye Windows:

certutil -hashfile romu.zip SHA256

Herufi zilingane zote na zilizoandikwa mahali ulipopakulia.

Kinachofuata ni rikaveri, mfumo mdogo wa kupokelea romu. Kwa simu nyingi ni hivi:

fastboot flash recovery recovery.img

Simu zenye nafasi mbili za mfumo, A na B, mara nyingi hazina sehemu iitwayo recovery. Yao inakaa boot au vendor_boot. Ukurasa wa modeli ndio unaosema, usikisie. Ukimaliza usiiache simu iwake kawaida, kwa kuwa mfumo wa kiwandani unaweza kurudisha rikaveri yake juu ya yako. Ingia rikaveri papo hapo. Kwenye Xiaomi ni kuongeza sauti pamoja na kitufe cha kuwashia. Kwenye Samsung unaflashi kwa Odin, programu ya Windows ya kuflashi Samsung, faili la tar kwenye nafasi ya AP, na toa tiki ya "Auto Reboot" ili uwahi kubonyeza vitufe mwenyewe.

Ndani ya rikaveri ya LineageOS, chagua Factory reset, kisha Format data. Hatua hii hairukwi: data ya zamani imefungwa kwa ufunguo ambao mfumo mpya hauna, na ukiiacha simu itazunguka kwenye logo mpaka chaji iishe. Halafu Apply update, Apply from ADB, na kwenye kompyuta:

adb sideload romu.zip

Asilimia zitapanda, na mara nyingi zitasimama kwenye 47 kisha kompyuta iandike "failed to read command" au kitu kama hicho. Usichomoe kebo. Hiyo 47 ni tabia ya adb, siyo kosa. Tazama kioo cha simu, kikisema imekamilika, imekamilika.

Ukitaka Play Store, iweke sasa kabla simu haijawaka hata mara moja, vinginevyo utarudi kufuta upya. Kwa simu za A na B washa tena rikaveri kwanza, kupitia Advanced, ili ihamie nafasi yenye romu mpya. Kisha tuma kwa adb sideload faili la MindTheGapps, kifurushi cha programu za Google, la arm64 (kwa chipu za biti 64) lenye namba ileile ya Android. Rikaveri italalamika kuwa saini haijathibitishwa. Jibu Yes, kwa sababu faili hilo halikusainiwa na LineageOS. Ila romu yenyewe ikilalamikiwa hivyo ndani ya rikaveri yake, acha, una faili baya.

Washa. Mara ya kwanza inaweza kukaa kwenye logo hadi dakika 15. Ikizidi hapo, rudi rikaveri, fanya Format data tena.

GSI, kwa wenye Tecno na Infinix

Tangu Android 8 ya mwaka 2017, Google ilitenganisha mfumo na programu za chipu kwa mpango wa Treble, na GSI ni mfumo mmoja unaoweza kukaa juu ya simu nyingi. Programu ya Treble Info itakuambia uchukue faili la aina gani. Simu ndogo za RAM 2 GB mara nyingi zina mfumo wa biti 32, na faili la arm64 haliwaki humo.

Unahitaji vbmeta.img, faili la kukagua saini za mfumo, ya romu ya kiwandani ya modeli yako, toleo lilelile lililo kwenye simu, siyo ya modeli jirani.

fastboot --disable-verity --disable-verification flash vbmeta vbmeta.img
fastboot reboot fastboot
fastboot erase system
fastboot flash system system.img

Amri ya pili inaingiza simu kwenye fastbootd, ambako sehemu za ndani huweza kupanuliwa. Ikisema nafasi haitoshi, futa sehemu ya product kwa fastboot delete-logical-partition product, au product_a kwenye simu za A na B, kisha rudia kuflashi system. Mwishoni fastboot -w kufuta data. Tegemea kasoro: alama ya kidole, kamera ya pili na VoLTE, yaani kupiga simu kupitia 4G, ndizo hufa kwanza. Kama kamera ndiyo uliyonunulia simu, GSI itakuudhi.

Inapogoma

Kompyuta ikikaa kwenye "waiting for any device", karibu kila mara ni kebo au draiva. Kebo nyingi za elfu mbili za barabarani hupitisha chaji tu, hazina nyaya za data. Badilisha kebo, tumia tundu la USB 2, kisha kwenye Device Manager chagua "Android Bootloader Interface" kwa mkono.

"Flashing is not allowed in Lock State": butiloda bado imefungwa. "This package is for device" na jina lingine: faili siyo la simu yako, usihariri faili ili lipite.

Kushuka toleo la zamani la kiwandani kuna mtego. Simu nyingi zina kizuizi cha kurudi nyuma, na mwaka 2018 wamiliki wengi wa Redmi Note 5 waliziua simu zao kwa njia hiyo. Kwenye Xiaomi andika fastboot getvar anti. Namba ya faili isiwe ndogo kuliko ya simu.

Simu zenye chipu ya MediaTek zikipelekwa kwa fundi anayetumia SP Flash Tool, programu ya kuflashi chipu hizo, msisitizie "Download Only". Ile "Format All + Download" hufuta NVRAM, sehemu inayotunza IMEI, na simu inarudi ikiwaka vizuri lakini IMEI ni tupu na laini haisomi. Hapo wengine hutoa huduma ya "kuandika IMEI". Kuweka namba isiyo ya simu yako ni kosa chini ya sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya mwaka 2010; kuwa na nakala yako ya NVRAM mapema ni nafuu zaidi.

Simu yenye chipu ya Qualcomm inayoonekana imekufa, kioo cheusi lakini kompyuta inaiona kama 9008, hali ya dharura ya chipu, haijafa. Kwa Xiaomi, ufufuaji huo unataka akaunti iliyoidhinishwa, kwa hiyo hapo fundi anahitajika kweli.

Kurudisha kufuli

Usiandike fastboot flashing lock ukiwa na romu isiyo ya kiwandani. Butiloda itakagua saini, itaikataa, na simu haitawaka. GrapheneOS kwenye Pixel ndiyo inayokubali vizuri, kwa kuwa ufunguo wake huingizwa kwenye simu kabla ya kufunga. Kwa nyingine zote, rudisha kwanza romu kamili ya kiwandani, iwashe hadi ukurasa wa kwanza, uhakikishe mtandao unashika, ndipo ufunge. Kwenye MiFlash, programu ya kuflashi simu za Xiaomi, kuna chaguo la "clean all and lock" ambalo huja limechaguliwa lenyewe pale chini kulia. Ukiweka romu ya kimataifa kwenye simu iliyotengenezwa kwa soko la China ukaacha chaguo hilo, utapata kioo kinachosema mfumo huu hauwezi kuwekwa kwenye simu hii, na butiloda itakuwa imeshafungwa. Badilisha liwe "clean all" kabla hujabonyeza Flash.